Siku Niliyoazima Friji kwa Ajili ya Bima

Kabla sijaeleza aibu yenyewe, niseme kwanza kwamba mke wangu alinituma kitu kimoja tu. Alinituma nikaikatie bima cherehani yake. Hakunituma friji, hakunituma makochi, wala hakunituma kujionyesha mbele ya watu. Nalisema hili mapema ili msomaji asijisumbue kumtafuta mwenye makosa. Ni mimi.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba na sebule mjini Handeni, katika nyumba ndefu yenye wapangaji watatu na ua mmoja. Nilikuwa nimestaafu kazi ya kutunza stoo kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, nikarudi Handeni kwa sababu ndiko kwetu, ingawa shamba la marehemu baba kule Misima ndugu walikuwa wameshaligawana mpaka sehemu yangu ikabaki ya kuanikia mahindi. Basi tukapanga. Mwenye nyumba alikuwa Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole aliyezaliwa papo hapo Handeni, anayezungumza Kizigua kizuri kuliko wanangu.

Chumba cha kati alikaa mwalimu wa shule ya msingi na mkewe. Cha mwisho alikaa mama mmoja aliyekuwa akiuza juisi stendi. Sisi tulikuwa upande wa barabarani, na pale sebuleni, chini ya dirisha, ndipo ilipokuwa cherehani.

Ilikuwa ya miguu, ya zamani, nzito kama mtu aliyenuna. Mke wangu aliinunua Korogwe kabla hajanijua. Mshahara wangu wa shamba la mkonge ulikuwa na tabia ya kuchelewa, na kila ulipochelewa cherehani ndiyo iliyotulisha. Iliwasomesha watoto wote watatu. Nilipostaafu ikanilisha na mimi, maana mke wangu alikuwa akishona sare za shule, na wazazi wa mtaa mzima walimjua. Mimi nilikuwa naitwa "mzee wa yule mama wa sare".

Siku moja mchana nyumba ya mtaa wa pili ikaungua kwa hitilafu ya umeme. Watu walitoka salama, lakini vitu vyote viliteketea. Jioni mwenye nyumba wetu akapita kutupa moyo.

"Msiwe na wasiwasi," akasema. "Nyumba hii nimeikatia bima."

Mke wangu akauliza, "Na cherehani yangu imo?"

"Hapana, mama. Bima yangu ni ya kuta, bati na milango. Vitu vya ndani ni vya mpangaji, na mpangaji ana bima yake. Mzee aende akamwone yule binti wakala wa bima, ofisi yake iko karibu na stendi. Si ghali."

Mke wangu alinigeukia. Sikuhitaji kuambiwa. Kesho yake ikaja simu kwamba binti yetu wa Korogwe amejifungua, mke wangu akafunga mzigo kwenda kumhudumia mzazi. Mguu wake mmoja ukiwa umeshaingia kwenye basi, akaniambia, "Cherehani. Usisahau."

"Nitasahauje?" nikamjibu. Na kweli sikusahau. Laiti ningesahau, ningekuwa na la kujitetea.

Yule wakala alikuwa binti mdogo, mwenye adabu. Akaniamkia shikamoo, akanipa kiti, akanieleza kila kitu polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Nikamwelewa vizuri sana. Kisha akasema, "Mzee, Alhamisi nitakuja nyumbani niangalie vitu, nipige picha, tuandike orodha."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Angeniambia nilete orodha ofisini, ningeandika cherehani, meza na kitanda, mambo yangeisha. Lakini alisema atakuja nyumbani. Kwetu, mtu akija nyumbani ni mgeni, na mgeni mwenye karatasi na kalamu ni mgeni mzito. Katika nyumba za kupanga kama ile yetu, siku ya mgeni mzito ua mzima unahamia chumba kimoja. Walipokuja wakwe wa mwalimu, walinywea chai kwenye vikombe vyetu na kukalia mkeka wetu. Alipokuja kaka yake mama wa juisi na wazee wenzake kuzungumzia mahari ya bintiye, meza ilikuwa yetu na taa ilikuwa ya mwalimu. Hakuna aliyeona ni uongo. Ni heshima tu.

Nikarudi nyumbani nikaitazama sebule yangu kwa macho ya mgeni. Viti viwili vya plastiki, kimoja kimefungwa waya. Mkeka. Meza. Na cherehani iliyofunikwa na rundo la vitambaa vya bluu. Nikajiuliza, mtu aliyekuwa na funguo za stoo nzima ya shamba la mkonge ndiye wa kukutwa hivi?

Nikamfuata mwalimu.

"Mwalimu, Alhamisi nina mgeni. Naomba makochi yako na zulia."

"Mgeni wa namna gani, mzee?"

"Wa bima. Anakuja kuandika vitu vyangu."

Mwalimu akavua miwani. "Sasa kama anakuja kuandika vitu vyako, si aandike ulivyo navyo?"

"Mwalimu nawe! Unataka akae wapi?"

Mkewe akadakia kutoka ndani, "Muache mzee wa watu. Mgeni ni mgeni. Wakwe zako walipokuja walikalia nini, mapaja yako?"

Mwalimu akavaa miwani yake, akanipa makochi. Kwa hiyo siwezi kusema sikuonywa. Nilionywa na mtu aliyesomea kuonya.

Mama wa juisi hakuonya. Alinipa friji yake kwa masharti. "Usiizime, juisi itachacha. Usiifungue fungue. Na huyo mgeni wako akitaka juisi, alipe kama watu wengine."

Tabu ikawa moja. Soketi ilikuwa chini ya dirisha, na chini ya dirisha palikuwa na cherehani. Friji haiwezi kukaa bila umeme katikati ya sebule kama mlinzi. Basi mimi na mwalimu tukaibeba cherehani, tukaipeleka chumbani kwake, kwenye nafasi iliyoachwa na makochi. Nilijiambia kwamba yule binti akimaliza kuandika, nitamwambia, "Na cherehani iko kwa jirani kwa muda," halafu nitampeleka akaione. Nilikuwa nimepanga hivyo kabisa. Nataka mke wangu ajue hilo, ingawa nimeshamwambia mara nyingi na hajawahi kulijibu.

Alhamisi akaja. Akasimama mlangoni, akashangaa kidogo. "Mzee, hongera, una nyumba nzuri."

"Ndiyo maisha yetu," nikasema, nikakaa kwenye kochi la mwalimu huku nimekunja nne.

Akapiga picha makochi. Akapiga picha zulia. Akafungua friji, akakuta chupa za juisi ya ukwaju zimepangwa kuanzia chini mpaka juu.

"Mzee, mnapenda ukwaju!"

"Daktari ameniambia ninywe."

"Zote hizi?"

"Ni daktari mkali."

Kabla hajaandika, mama wa juisi akachungulia mlangoni na kikapu. "Samahani jamani, naomba chupa sita, nina mteja anasubiri." Akaingia, akazihesabu, akatoka. Binti akanitazama. Nikamwambia sisi hapa tunaishi kama ndugu. Kwa bahati mbaya hilo lilikuwa kweli.

Akaniuliza risiti. Nikasema zililowa mvua. Akasema hakuna shida, nitaweka sahihi kwamba vitu ni vyangu, akanisomea maneno ya mwisho wa fomu: kwamba yote niliyoyasema ni ya kweli, na yasipokuwa ya kweli mkataba unaweza kufutwa.

"Umeelewa, mzee?"

"Nimefika kidato cha nne, binti yangu. Nimeelewa."

"Haya. Kuna kitu kingine?"

Hili ndilo swali ambalo bado nalisikia. Nilifungua mdomo kusema cherehani. Lakini nikaona mbele ya macho yangu jinsi nitakavyomfungulia mlango wa mwalimu, na humo ndani hamna hata kigoda, sakafuni kuna alama za miguu ya makochi, na mke wa mwalimu ameketi chini kwenye khanga akichambua mchele. Mtoto wa chekechea angeelewa. Na huyu hakuwa mtoto wa chekechea.

"Hakuna," nikasema. Nikaweka sahihi, sahihi yangu nzuri ya stoo, yenye mkia. Jioni ile ile makochi, friji na cherehani vikarudi mahali pake.

Mke wangu aliporudi, hata mzigo hajautua, akauliza, "Umekata?"

"Nimekata."

"Na cherehani imo?"

"Mambo yote yamekamilika."

Hayo ndiyo majibu ya mtunza stoo. Ukiulizwa kama magunia yapo, unasema kazi inaendelea. Akaridhika. Aliniamini, na mimi nikala ubwabwa wake bila kupaliwa.

Nilikusudia kurudi ofisini wiki ile ile nikarekebishe. Yule binti alikuwa ameniambia kabisa kwamba kukiwa na mabadiliko niende. Lakini ningemwambia nini? Kwamba makochi yamehama? Wiki ya kwanza nikasema nitakwenda Jumatatu. Baada ya hapo kila nilipopita stendi nilikuwa nazunguka nyuma ya maduka ili asinione. Siku moja alinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, "Shikamoo mzee! Ukwaju unaendeleaje?" Nikapunga mkono, nikaharakisha kama mtu anayekwenda kuzima jiko.

Miezi ikapita hivyo, mpaka Desemba. Desemba ni mwezi wa sare, maana shule zinafunguliwa Januari, na sebule yetu ilikuwa imejaa vitambaa. Alasiri moja mvua ikaja na upepo usio wa kawaida. Mimi nilikuwa sokoni. Mke wangu alikuwa ametoka mbio uani kuanua nguo, na hiyo ndiyo iliyomwokoa. Upepo uliingia chini ya bati upande wetu, ukazing'oa kama mtu anayefungua kopo, na kenchi moja, zile mbao zinazobeba paa, ikaanguka ndani. Ilikuwa na sebule nzima ya kuangukia. Ikaangukia cherehani.

Niliporudi nilimkuta amesimama kwenye maji. Meza ya cherehani ilikuwa imegawanyika vipande viwili, na kichwa cha chuma kimepasuka pale ambapo hakuna fundi anayeweza kupaunga. Hakuwa analia. Alikuwa anakusanya vitambaa vilivyolowa, anavikamua kimoja kimoja. Akaniona, akavuta pumzi, akasema, "Alhamdulillahi, tumepona. Na afadhali ina bima."

Nikainama nikaanza kukamua vitambaa na mimi. Nilikamua kitambaa kimoja mpaka kikakauka.

Bima ya mwenye nyumba haikuchelewa. Mafundi walifika siku ya tatu. Siku ya nne alitarajiwa yule binti, aliyepewa taarifa na mwenye nyumba, pamoja na mthamini anayekuja kuangalia hasara. Asubuhi hiyo mama wa juisi akanivuta pembeni, mwalimu akiwa amesimama karibu.

"Mzee, friji yangu si ilipigwa picha kwako? Basi mimi nina ya zamani iliyokufa, ipo nyuma huko inafugiwa kuku. Tuilaze pale chini ya kenchi."

Mwalimu akasema, "Na mimi nina kochi lililoliwa na panya. Tukisema limeliwa na upepo?"

"Mwalimu!" nikasema.

"Natania, mzee," akasema. Akafuta miwani. "Lakini lipo."

Walikuwa wanacheka, lakini walikuwa wananionea huruma, na ua ule haukuwahi kumnyima mtu kitu siku ya mgeni. Sasa niseme jambo ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Nilikwenda nikaiangalia ile friji iliyokufa. Nilimfukuza kuku, nikaifuta vumbi, nikapiga hesabu kwamba fidia ya friji ingetosha kununua cherehani nyingine, na mke wangu asingejua lolote. Tukaibeba mpaka katikati ya ua. Ni nzito, friji iliyokufa. Nikasema ngoja nipumzike kidogo.

Nikiwa bado napumzika, wageni wakaingia.

Mke wangu aliwapokea, akawaweka kwenye mkeka hapo uani. Mthamini, mtu mzima mwenye mvi kama mimi, akafungua faili, akasoma, "Makochi, seti moja. Zulia, moja. Friji, moja."

Mke wangu akacheka kwa upole. "Baba, hilo ni faili la mtu mwingine. Sisi hatuna friji. Tafuta la cherehani."

Mthamini akapekua mbele, akapekua nyuma. "Cherehani haimo, mama."

"Itakuwaje haimo? Mzee, hebu mwambie."

Wote wakanigeukia. Nyuma yangu friji iliyokufa ilikuwa imesimama katikati ya ua, na kuku amesharudi kuikalia. Ningeweza bado kusema, hiyo hapo friji. Mama wa juisi alikuwa ananikonyeza. Lakini mke wangu alikuwa ananitazama bila shaka hata kidogo, anasubiri nimsahihishe yule mgeni aliyekosea faili.

"Friji si yangu," nikasema. "Makochi ni ya mwalimu, na zulia lake. Niliazima. Cherehani ndiyo yetu, na binti huyu aliniuliza kama kuna kingine, nikasema hakuna."

Kisha binti akauliza taratibu, "Na ule ukwaju wa daktari, mzee?"

"Wa jirani."

Mthamini akakohoa ndani ya kiganja chake, akakohoa tena, mabega yakimtikisika. Alipotulia alifunga faili. Akanieleza kwa heshima kwamba mkataba umekufa, na kwamba nishukuru nimesema kabla ya kudai chochote, maana baada ya hapo ni habari nyingine. Binti hakucheka. Akasema, "Mzee, ningeiona tu, hata kwenye hicho chumba cha jirani, leo mama angelipwa. Mimi sikuja kuangalia makochi."

Mke wangu aliwasindikiza mpaka barabarani, kama inavyopasa. Aliporudi alizungumza Kishambaa. Akikasirika kidogo husema Kiswahili ili nimwelewe. Akikasirika sana husema kwao, ili ajielewe mwenyewe. Kesho yake alifunga vitambaa vya sare kwenye mashuka mawili, akapanda basi kwenda Korogwe kwa dada yake, ambaye ana cherehani.

Alikaa huko mpaka Februari. Huku bati mpya za mwenye nyumba zinang'aa juu ya sebule, na chini ya dirisha pamebaki mraba wa sakafu safi. Mimi kazi yangu ikawa kusafiri. Kila Jumamosi napanda basi la Korogwe, nachukua sare zilizokwisha, narudi Handeni kuwagawia wazazi. Akinipokea anasema, "Umefika?" Nasema, "Nimefika." Ananipa furushi. Mazungumzo yetu ya wiki nzima ndiyo hayo.

Jumamosi ya tatu nikaomba nisaidie kushona vifungo. Hakukataa wala hakukubali, akanisukumia sindano. Dada yake akachukua shati langu la kwanza, akaligeuza, akavuta kifungo.

"Shemeji, hiki umekishona au umekifunga kwa kamba ya mkonge?"

"Hakitoki hicho."

"Hakitoki, na hakifunguki. Mtoto atalala na shati mpaka darasa la saba."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ameinamia cherehani ya dada yake, hakuinua uso. Akasema tu, "Akifumue."

Nikafumua. Nilifumua vingi mwezi ule.

Aliporudi alirudi na cherehani iliyotumika, aliyoinunua mwenyewe kwa sare zile, bila kuniuliza chochote. Tukaishusha kwenye basi mimi na mwalimu. Kabla hata ya kuitia mafuta, alimpigia simu yule binti wa bima aje. Fomu mpya, kwa jina lake yeye. Alimwandalia kile kiti cha plastiki kilichofungwa waya, akaniambia, "Wewe kaa nje."

Nikakaa kibarazani. Nilimsikia anataja cherehani kwanza, mwaka alioinunua na bei yake, na risiti ninasikia inavyokunjuliwa. Akataja meza. Akataja viti viwili, akasema kimoja ni kibovu. Akafika kwenye kitanda, akakwama, maana kitanda nilikuja nacho mimi.

"Mzee!" akaita kutoka ndani. "Kitanda kina miaka mingapi?"

Mara ya kwanza tangu Desemba ananiuliza kitu ambacho hajui jibu lake.

"Thelathini na kitu," nikajibu kwa sauti. "Na mguu mmoja si wake, ni wa stuli ya stoo ya mkonge. Niliuchukua bila ruhusa."

Kisha nikamsikia yule binti anauliza kama aandike na hilo la mguu, na mke wangu anacheka, kile kicheko chake cha kujizuia kisichozuilika, anasema, "Andika, mwanangu. Andika kama alivyosema."